Jamvi la karakana lina mabonde: nisawazishe na nini kabla ya kulifunika? (Tanga)

Seremala_Makorora

Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo ya wanaojua sakafu.

Nina banda la useremala nyuma ya nyumba, Makorora. Ndani ni mita 5 kwa 4, mlango uko katikati ya ukuta mfupi wa mbele. Jamvi (zege la sakafu) ni la zamani, halina niru wala vigae, na inaonekana lilimwagwa bila rula (ubao mrefu ulionyooka wa kusawazishia). Nimezungusha mstari ulio levo ukutani kwa mpira wa maji, halafu nikapima kwa futi kutoka kwenye mstari hadi chini. Namba ikiwa kubwa, hapo pameshuka:

Mlangoni 972 mm
Katikati 985
Kona ya nyuma kushoto 994
Kona ya nyuma kulia 1011
Ukuta wa kulia kuna kichuguu cha zege, upana kama sentimita 60: 961

Nataka kuweka mashine ya randa na meza ya msumeno yenye magurudumu, halafu juu nifunike kwa plaiwudi au rangi ya epoksi. Fundi mmoja anasema nipige niru nene yaishe. Mwingine anasema nipange mbao chini na plaiwudi juu. Nifuate lipi, na simenti ni mifuko mingapi?

---

Mwashi_Ngamiani

Kaka, umefanya jambo la maana sana kupima kabla ya kuuliza. Kwa namba hizo mtu anaweza kukujibu.

Niru nene weka kando kabisa. Niru ni uji wa simenti tupu, kazi yake ni kulainisha juu kwa unene wa milimita 1 au 2. Ukiirundika mpaka 20 inasinyaa ikikauka, inapata nyufa kama tope la kiangazi, na inabanduka vipande vipande chini ya magurudumu. Halafu inateleza, na mtu anayesukuma mbao kwenye msumeno hapaswi kuteleza.

Sasa angalia namba zako. Sakafu inateremka kutoka mlangoni kwenda nyuma, na kona ya kulia iko chini ya mlango kwa 39 mm. Mvua ya masika ikiingia mlangoni, maji yote yanakwenda kukaa kwenye kona hiyo. Kwa hiyo kuinyoosha tu hakutoshi, inabidi sehemu ya nyuma iinuke. Lakini ukisema usawazishe kwa kufuata kimo cha mlango, unene utakuwa 39 kwenye kona, 13 katikati na sifuri mlangoni. Hapo kwenye sifuri ndipo kazi inapoharibika. Chokaa cha simenti na mchanga kikikonda chini ya 20 au 25 mm, maji yake yanakauka kabla simenti haijashika, na ukingo unamomonyoka kama mkate mkavu. Kwa hiyo hata mlangoni lazima uinuke. Uinuke kiasi gani, hilo litaamuliwa na unyevu wa jamvi lako.

Fanya vipimo vitatu kwanza.

Cha kwanza, sauti. Chukua nyundo ndogo au kipande cha nondo, gonga sakafu yote kila baada ya sentimita 20. Zege lililoshika linajibu kwa mlio mkavu na mkali. Penye uwazi panajibu kama mtungi mtupu. Zungushia chaki kila unaposikia mtungi.

Cha pili, oili. Dondosha matone ya maji hapa na pale. Yakinyonywa ndani ya dakika chache, pazuri. Yakibaki yamejikunja kama shanga, pana grisi au oili, na hakuna simenti itakayoshika hapo mpaka patinduliwe.

Cha tatu, na ndicho kikubwa kwa sisi wa pwani: kata vipande viwili vya nailoni nyeupe, sentimita 50 kwa 50. Kimoja kibandike mlangoni, kingine kona ya nyuma kulia. Ziba pande zote nne kwa gundi ya utepe, pasiwe na tundu la hewa. Acha tangu jioni mpaka kesho yake mchana, yaani saa 16 au zaidi. Halafu fungua uangalie.

Ikiwa kavu, unaweza kupiga tabaka lililoshikamana na jamvi: kimo kipya 942 kutoka kwenye mstari wako wa ukutani, unene 30 mlangoni na 69 kona ya nyuma. Ikiwa na maji, kazi inabadilika, usinunue kitu kwanza. Lete majibu.

---

Duka_la_Kokoto_Pongwe

Naongeza kuhusu mchanga tu, maana kwetu huku ndiko watu wanakoharibu.

Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukipewa bure. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Sakafu itakuwa inatoa jasho kila asubuhi na kutapika unga mweupe kwenye viungo, na rangi yoyote utakayopaka itavimba. Pia chembe zake ni laini na za duara, haziumani. Taka mchanga wa mto wenye chembe kali, ukiusugua kiganjani unakwaruza.

Kupima tope: chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, weka mchanga hadi theluthi, jaza maji mpaka karibu robo tatu, tia kijiko cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita ya maji (chumvi hii ni ya kipimo tu, inasaidia tope kutua). Tikisa sana, iache imesimama saa 3. Juu ya mchanga utaona tabaka la tope laini. Lipime kwa rula na ulilinganishe na kimo cha mchanga. Likizidi asilimia 8, yaani 8 mm juu ya mchanga wa 100 mm, uoshe au ukatae. Tope linajipaka kwenye kila chembe na simenti inashika tope badala ya kushika mchanga.

Simenti chukua ya daraja la nguvu 42.5 kwa sakafu ya mashine. Iwe mpya, mfuko ukiuminya kona usisikie mabonge. Hapa kwetu simenti ikikaa chini kwenye sakafu tupu mwezi mmoja tu imeshaanza kuganda, kwa hiyo nunua wiki ya kazi na uipange juu ya mbao.

---

Chumbageni_Ujenzi

Kuna atakayekwambia utumie ile poda ya kujisawazisha yenyewe, unakoroga na maji na kuimwaga inajitandaza. Ni nzuri, lakini piga hesabu. Poda hiyo hula takriban kilo 1.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Eneo lako ni mita za mraba 20. Kwa wastani wa 45 mm ni kilo 1,530, yaani mifuko 62 ya kilo 25. Haina maana. Nyingi zimetengenezwa kwa unene wa milimita chache tu (soma mfuko), na ukishakoroga una kama dakika 15 hadi 20 za kufanya kazi, kwa joto letu pungufu ya hapo. Mahali pake ni mwishoni, kufuta makosa ya 2 au 3 mm baada ya zege kukauka, na lazima upake kitangulizi chake (praima) kwanza ili jamvi lisinyonye maji ya poda.

---

Seremala_Makorora

Ahsanteni sana. Majibu ndiyo haya.

Sauti: sehemu moja tu inalia mtungi, karibu na katikati, upana sentimita 40. Kichuguu kinalia vizuri. Oili: hakuna isipokuwa doa moja karibu na mlango. Nailoni: niliiacha saa 18. Ya mlangoni ilikuwa kavu. Ya kona ya nyuma ilikuwa na matone madogomadogo kwa ndani, mengine yameungana, na zege chini yake limekuwa jeusi kuliko pembeni. Ukutani kona hiyo kuna unga mweupe mpaka kimo cha goti.

---

Mwashi_Ngamiani

Basi jibu limepatikana. Jamvi halina nailoni chini, au ina matundu, na ardhi inapandisha maji. Ukipiga tabaka la kushikamana na ukafunika kwa epoksi au plaiwudi, yale matone uliyoyaona yatakaa chini ya rangi yako kila siku. Epoksi itaota malengelenge, plaiwudi itavimba na kuota ukungu kwa chini ambako huoni.

Fanya hivi: nailoni mpya juu ya jamvi la zamani, halafu zege jipya laini juu yake lisiloshikamana na la chini. Zege la namna hiyo haliruhusiwi kuwa chini ya 50 mm popote, kwa sababu halina wa kulishika, linajibeba lenyewe. Kimo chako kipya ni 922. Mlangoni 50, katikati 63, nyuma kushoto 72, nyuma kulia 89. Wastani tuseme 65. Zidisha kwa mita za mraba 20, unapata mita za ujazo 1.3.

Mchanganyiko: simenti 1, mchanga 1.5, kokoto ndogo 3 (zisizozidi 10 mm). Mfuko wa kilo 50 una kama lita 35. Kwa mfuko mmoja weka ndoo 2 na nusu za lita 20 za mchanga mkavu, au ndoo 3 ukiwa mbichi kwa sababu mchanga mbichi huumuka, na kokoto ndoo 5 na robo. Jumla utahitaji mifuko 11, mchanga mita za ujazo 0.7, kokoto 1.2. Nunua na mfuko mmoja wa akiba kwa viraka.

Maji ndiyo yanayoua zege nyingi. Jumla yasizidi lita 25 kwa mfuko, pamoja na yale yaliyomo ndani ya mchanga. Mchanga ukiwa mbichi anza na lita 17, ongeza kwa kopo. Zege likae kama ugali mlaini, ukichota kwa koleo libaki na mgongo. Vibarua wanapenda limiminike kama uji kwa sababu linasukumika, lakini maji ya ziada yanapanda juu na kuacha ngozi ya vumbi itakayokusumbua miaka yote.

Maandalizi. Kichuguu kitindue mpaka kisome 972 au zaidi, ukiacha 961 zege juu yake litakuwa 39 tu na litapasuka hapohapo. Pale panapolia mtungi pakate mraba, kingo zisimame wima, toa vilivyolegea na uzibe kwa chokaa cha simenti 1 kwa mchanga 3. Fagia sana. Zege likichongoka popote, piga kwa nyundo au tandaza mchanga mwembamba, kwa sababu jiwe moja lililochongoka linatosha kutoboa nailoni ukiikanyaga.

Nailoni iwe ya geji 1000, yaani mikroni 250. Itandaze ipande ukutani kwa kimo cha sentimita 10 juu ya sakafu mpya, ziada utaikata mwisho. Ukiunga, vipande vipandane sentimita 30 na ubandike utepe urefu wote. Mita za mraba 30 zinatosha. Kila ukuta weka ukanda wa foamu (sponji) wa unene wa 10 mm, ili zege lisibane ukuta.

Kumwaga. Gawa banda vipande viwili vya upana wa mita 2 kwa urefu wa mita 5. Katikati simamisha mbao iliyonyooka, juu yake isome 922, uishikilie kwa mafungu ya zege kila mita moja. USIPIGE MSUMARI, utatoboa nailoni. Kandokando ya ukuta weka vifungu vya kipimo kila mita moja na nusu, navyo visome 922. Anza kona ya nyuma kulia urudi kuelekea mlangoni. Sambaza, shindilia kwa kipande cha mbao hasa pale kwenye 89, kisha vuta rula ukiikata kama msumeno juu ya mbao na vifungu. Kipande cha pili kesho yake, ukitoa mbao ukingo wa leo unakuwa kiungo.

Baada ya rula acha. Maji yatapanda na sakafu itang'aa. Wengi hapa hunyunyiza simenti kavu ili ikauke haraka, na hilo ndilo kosa linaloleta maganda: ile simenti inatengeneza ngozi dhaifu juu ya maji yaliyonaswa. Subiri mng'ao upotee wenyewe, ukikanyaga kiatu kiache alama ya milimita 5 hivi, ndipo upite mwiko wa mbao kwa duara. Mwiko wa chuma pitisha mara moja tu kama unataka epoksi. Kama ni plaiwudi, acha ya mbao.

Kesho yake kata viungo vya kupasukia kwa grenda, kina 20 mm, viwili vinavyokwenda sambamba na ukuta mfupi, ili kila kipande kiwe kama mita 1.67 kwa 2. Zege lazima lisinyae na lazima lipasuke mahali fulani, wewe unachagua wapi. Wavu wa chuma sikushauri. Kwa unene wa 50 na hewa yetu ya bahari, chuma hakina zege la kutosha kukifunika, kitashika kutu na kuinua sakafu.

Kisha funika kwa nailoni au magunia yaliyolowa siku 7, usiku na mchana. Kama unamwaga kipindi cha kaskazi, anza alfajiri na fungia mlango, kwa sababu ule upepo ukipita juu ya zege bichi unalipasua kabla ya adhuhuri.

---

Duka_la_Kokoto_Pongwe

Fundi, na ule unga mweupe wa ukutani? Maji yakizibwa chini si yatatafuta ukuta?

---

Mwashi_Ngamiani

Umeuliza la msingi, dada. Ndiyo, yatahamia kwa kiasi. Ile nailoni iliyopanda ukutani inazuia zege jipya lisinyonye kutoka ukutani, lakini ukuta wenyewe utaendelea. Lipu ya kona hiyo itinduliwe mpaka kimo cha goti na kitu kidogo, mwenye banda aache ukuta upumue muda wote zege linapokauka, na nje achimbe mfereji ili maji ya paa yasimwagike kwenye msingi. Mara nyingi chanzo cha kona iliyolowa ni paa lisilo na mfereji.

---

Randa_Raskazone

Kuhusu kufunika, natofautiana kidogo na waliosema plaiwudi juu ya mbao. Mbao za inchi 2 kwa 3 zikiwekwa kila sentimita 40 zinaacha uwazi chini, na uwazi uliofungwa juu ya jamvi la pwani ni nyumba ya mchwa. Huwaoni mpaka mguu uzame. Kwa kuwa utamwaga zege jipya, hakuna haja ya mbao hizo.

Tandaza plaiwudi tabaka mbili za 9 mm, moja kwa urefu na nyingine kwa upana, viungo visikutane. Zishikanishe kwa skrubu za 16 mm, ziumane zenyewe bila kugusa zege. Plaiwudi moja ni 1220 kwa 2440 mm, kwa banda lako ni 8 kila tabaka pamoja na za kukatwa. Acha nafasi 10 mm kuzunguka ukuta na 3 mm kati ya plaiwudi na plaiwudi, maana masika zitatanuka. Ile nafasi ya ukutani ifunike kwa ubao mwembamba wa skrubu, si wa misumari, ili kila baada ya miezi michache uufungue uangalie njia za mchwa.

Mashine ya randa usiiweke juu ya plaiwudi. Kata plaiwudi kuizunguka, isimame kwenye zege tupu, haitatetemeka sana na haitapoteza levo.

Kwa epoksi ni subira. Kanuni ya kukauka ni siku 1 kwa kila milimita mpaka 50, na siku 2 kwa kila milimita inayozidi. Kwa wastani wako wa 65 ni siku 50 na 30, jumla 80, na kwa unyevu wa Tanga jiandae kusubiri zaidi. Ukifikia hapo rudia kipimo cha nailoni. Ikitoka kavu kwenye kona ya nyuma, sugua juu kwa jiwe la grenda mpaka ngozi itoke, fyonza vumbi, paka tabaka mbili. Kwenye la kwanza likiwa bichi nyunyiza mchanga mkavu laini pale unaposimama mbele ya msumeno.

---

Seremala_Makorora

Wakuu nimeelewa, Mungu awabariki. Mawili yamebaki: mlango wa mbao unafunguka kwa ndani, na mashine ya randa nataka kuifunga kwa bolti. Na lini naweza kuiingiza?

---

Mwashi_Ngamiani

Mlango ukate chini 60 mm, yaani 50 za zege na 10 za kupitia, na kama utaweka plaiwudi ongeza 18. Paka rangi ule ukingo uliokatwa kabla ya kuurudisha, ndiko maji yanakoingilia. Afadhali zaidi ugeuze bawaba ufunguke nje. Nje mwaga mteremko wa sentimita 60 kutoka mbele, ili toroli ipande ile 50 bila kugonga.

Kukanyaga kawaida siku ya tatu, ukirudisha magunia. Mashine siku ya 28. Bolti pima kabla ya kutoboa: karibu na mlango zege ni 50, kwa hiyo kina cha tundu na fisha yake kisizidi 35, funga utepe kwenye keekee iwe alama. Ikipita hapo umetoboa nailoni, na kona yako ya maji imerudi kupitia tundu hilo. Ukiweza iweke randa upande wa nyuma kulia, kule una 89.

---

Seremala_Makorora

Itakaa nyuma kulia. Jumamosi naanza na kichuguu.